Ardhi ya Wote na Njia ya Injini

Yako maneno ambayo watu wote huyakubali mpaka siku yanapodaiwa yatoe kitu. "Mali ya umma" ni miongoni mwa maneno hayo. Ukisema kisima hiki ni cha umma, kila mtu huitikia. Lakini mmoja akija na ndoo ya maji ya kunywa na mwingine akaja na ng'ombe arobaini, ndipo inapobainika kwamba neno lilikuwa moja na maana zilikuwa mbili. Nataka kulichunguza neno hilo kwa kutumia mahali ninapoishi, magharibi ya Marekani, ambako watu wamelivutana kwa zaidi ya miaka hamsini kwa sababu ya jambo ambalo msomaji wa kwetu huenda akaliona ni anasa tupu. Je, mwananchi ana haki ya kuendesha pikipiki yake au gari lake, kwa kujifurahisha tu, katika nyika ambayo ni mali ya wananchi wote?

Anasa ni kweli. Hata hivyo sijaona jambo jingine linaloweka wazi kiasi hiki swali la nani ni "wote", na "wote" hao wana haki ya kuingia kwa namna gani.

Kabla sijaendelea, msomaji ana haki ya kujua nasimama wapi. Mimi ni fundi wa injini. Nilizaliwa Uchagani, nikajifunza ufundi Moshi mjini, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini nafanya kazi Grand Junction, katika jimbo la Colorado, mwendo usiotimia saa mbili kwa gari mpaka Moab, katika jimbo la Utah. Wanaoleta kazi kwangu ni wakulima wa matunda, wachimbaji wa gesi, na wale wenye pikipiki za kupanda majabali na vigari vya wazi vya magurudumu manne. Hawa wa mwisho ndio wanaonilipia kodi ya nyumba. Kila njia ya nyikani inayofungwa inanigusa mfukoni, na kwa hiyo nitakapoonekana kusema kinyume cha mfuko wangu nadhani ninastahili kusikilizwa; nitakaposema sawa na mfuko wangu, msomaji na awe na shaka.

Ardhi yenyewe ni kubwa kuliko inavyofikirika. Idara moja tu ya serikali kuu, ile ya Usimamizi wa Ardhi, ambayo hapa watu huiita BLM, inatunza kiasi cha hekta milioni 99. Hiyo ni zaidi ya Tanzania nzima, pamoja na maziwa yake. Idara ya Misitu ina hekta nyingine milioni 78 hivi. Katika jimbo la Utah karibu theluthi mbili ya ardhi yote ni ya serikali kuu. Na sehemu kubwa ya ardhi hiyo haina geti, haina tiketi, wala haina askari anayekuuliza unatoka wapi. Mara ya kwanza nilipopelekwa huko na wafanyakazi wenzangu nilikuwa nikitazama nyuma kila mara, nikingoja mtu mwenye sare atokee. Nilikuwa nimetoka katika nchi ambayo mtoto anaweza kukua chini ya mlima unaojulikana dunia nzima bila hata siku moja kupita getini, kwa kuwa getini pana bei. Hapa nilikuwa mgeni, tena wakati huo sina uraia, na nilikaa juu ya mwamba mwekundu mpaka jua likazama bila mtu kunidai kitu. Jambo hilo sijalisahau, nami sipendi kumsikia mtu akilizungumza kana kwamba ni dogo.

Lakini tulifikaje kwenye mwamba ule? Kwa gari. Na gari lilipita wapi? Hapo ndipo penye fundo.

Njia nyingi za nyika ya Utah hazikupangwa na mtu aliyekaa akafikiri kwamba njia ifae ipite hapa. Baadhi zilikatwa na wachungaji wa ng'ombe. Nyingine, tena nyingi mno, zilikatwa katika miaka ya 1950, wakati serikali ilipokuwa ikitafuta urani kwa ajili ya mabomu yake. Tume ya Nishati ya Atomiki ilitoa zawadi kwa wagunduzi na kugharimia barabara za kufikia machimbo. Mwaka 1952 Charlie Steen aligundua shapo kubwa kusini mashariki ya Moab, na baada ya hapo kila mwenye kipimo cha mionzi na tingatinga la kukodi alikwenda kujaribu bahati yake. Tingatinga liliingia korongoni, likageuka, likatoka. Aghalabu hapakupatikana chochote. Ila alama ilibaki. Urani ilipopoa, wenye magari ya jipu wakazikuta njia hizo zimekaa bure, na mwaka 1967 mji wa Moab ukaanzisha matembezi yake ya jipu ya kila Pasaka, ambayo yapo mpaka leo. Basi njia iliyochimbwa kwa tamaa ya siku tatu ya mtu aliyeshindwa, mtu ambaye hata jina lake halijulikani, imekuwa haki ya kurithi ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Silisemi hili kwa dhihaka. Njia nyingi duniani zilizaliwa hivyo hivyo, nyingine kwa nyayo za mbuzi. Swali ni kama kule kuzaliwa tu kunatosha.

Iko sheria moja kongwe inayosema kwamba kunatosha, au karibu inasema hivyo. Mwaka 1866, Bunge la Marekani lilipotaka watu wahamie magharibi, lilitoa ruhusa kwa maneno machache sana kwamba barabara zinaweza kujengwa kupita katika ardhi ya umma ambayo haijatengwa kwa shughuli nyingine. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1976, lakini haki zilizokuwa zimekwisha kupatikana ziliachwa zisimame. Utah ikasimama hapo. Jimbo hilo na kaunti zake wamekwenda mahakamani kudai njia zaidi ya 12,000, zenye urefu wa jumla wa kilometa 56,000 hivi, wakisema kwamba zilikuwa barabara za watu kabla ya 1976. Na wathibitishe vipi? Kwa sheria ya jimbo inawapasa waonyeshe kwamba umma uliitumia njia kwa miaka kumi mfululizo. Hati hakuna. Kwa hiyo wanaitwa wazee. Wanasheria wamekuwa wakichukua ushahidi wa watu wenye miaka themanini na zaidi, mapema, kabla hawajafa, kwa kuwa akifa shahidi huenda na barabara ikafa naye.

Niliposikia habari hii nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuiona. Kwetu mpaka wa kihamba huwekwa kwa masale, na masale yakigombaniwa huitwa mzee aseme nani aliyapanda na ni nani alikuwapo. Kumbe na hawa, pamoja na ramani zao za setilaiti, wanamtafuta mzee. Lakini nilipozidi kufikiri niliona tofauti ambayo kwangu ni nzito. Mzee wa kwetu hutoa ushahidi wa kazi: fulani alifyeka, akapanda migomba, akachimba mfereji. Shahidi wa Utah hutoa ushahidi wa kupita: nilipita hapa na baba mwaka 1964 tukitafuta ndama. Kulima kunaacha kitu ambacho hakikuwapo. Kupita kunaacha kumbukumbu. Mimi naiheshimu kumbukumbu, na nitakuja kuitetea baadaye, ila siamini kwamba kumbukumbu ya kupita inampa mtu mamlaka juu ya namna watu wengine wote watakavyopatumia mahali hapo milele. Inampa neno la kusema, tena neno lenye uzito. Haimpi hukumu.

Zaidi ya barabara hizi zinazodaiwa kuna suala lililo kubwa kuliko zote, nalo ni suala la ukimya. Sheria inaponyamaza, maana yake nini?

Moshi nilikuwa na jirani, sheikh, mwalimu wa madrasa, ambaye alipenda kukaa gereji jioni tukizungumza. Mimi ni Mlutheri, na hilo halikumzuia kunifundisha. Siku moja alinieleza kwamba wanazuoni wao wana kanuni mbili zinazokwenda kinyume. Katika vitu vya kawaida, chakula, mavazi, biashara, asili ya jambo ni kuruhusiwa mpaka uje ushahidi wa kulikataza. Katika ibada asili ni kukatazwa mpaka uje ushahidi wa kuliamuru. Mtu hawezi kujizulia sala yake mwenyewe. Nikamuuliza, na utajuaje kama jambo liko upande gani? Akacheka, akasema hapo ndipo elimu inapoanza.

Nimemkumbuka mara nyingi, kwa maana Marekani imefanya mabadiliko hayo hayo, kutoka kanuni ya kwanza kwenda ya pili, bila kuyaita hivyo. Zamani nyika ilikuwa wazi kwa injini isipokuwa palipofungwa. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri kwamba idara zote zinazotunza ardhi ya umma zichague maeneo na njia za magari hayo, tena zizichague kwa namna ya kupunguza madhara kwa udongo, kwa wanyama, na migongano na watu wengine wanaotumia ardhi hiyo hiyo. Mwaka 1977 Rais Carter aliongeza kwamba panapoonekana madhara makubwa pafungwe mara moja. Amri hizo zilikaa muda mrefu kwenye makabati. Ndipo mwaka 2005 Idara ya Misitu ikaweka kanuni kwamba kila msitu uchore ramani, na njia isiyokuwa katika ramani haipitwi na injini. Hakuna kibao kinachohitajika. Kutotajwa kunatosha. BLM nayo imekuwa ikielekea huko, mpango kwa mpango, mara nyingi kwa kusukumwa na mahakama.

Wateja wangu huona mabadiliko haya kama tusi. Mmoja aliniambia, "Zamani nilikuwa mtu huru mpaka nivunje sheria, sasa nimevunja sheria mpaka nioneshe ramani." Ni kauli nzuri na nimeipima kwa haki. Katika mambo mengi ya maisha ningekuwa upande wake. Nchi inayotaka kibali kwa kila kitu naijua, nimeishi humo, na najua kibali huzaa mkono wa kupokea chochote. Lakini je, kupita na injini jangwani ni jambo la upande upi wa kanuni za sheikh wangu?

Nadhani kinachoamua ni kama kosa likitendeka linaweza kurudishwa. Udongo wa nyika ile una ngozi. Ni tabaka jembamba, jeusi, lenye vinundu, lililofumwa na bakteria, kuvu na mimea midogo mno, na ndilo linalouzuia mchanga usipeperuke na linaloshika maji ya mvua chache zinazonyesha. Gurudumu likipita mara moja linavunjika, na kupona kwake huchukua miaka mingi, pengine makumi ya miaka na zaidi. Katika jangwa la Mojave, California, Jenerali Patton alifundisha vikosi vya vifaru mwaka 1942 kabla ya vita vya Afrika Kaskazini. Alama za minyororo ya vifaru vile bado zinaonekana. Tangu hapo waliokuwa ndani ya vifaru wamezeeka, wamezikwa, wajukuu wao wameota mvi. Kwa hiyo tukiiacha njia wazi kwa makosa, hasara hairudi katika uhai wetu. Tukiifunga kwa makosa, tutaifungua mwakani. Katika hali hiyo ni haki mzigo wa kuthibitisha abebe mwenye injini.

Hoja hii nilikuwa nikiiona imekamilika. Kuna mtu mmoja aliyeniharibia ukamilifu wake, nami nitamfikia baada ya kusema neno juu ya kelele.

Kelele si kama alama ya gurudumu. Injini ikizima nayo inaisha. Lakini ina tabia yake. Mtembea kwa miguu na mwenye pikipiki wakikutana katika korongo moja, mwenye pikipiki hapotezi chochote kwa kuwapo kwa mtembea. Mtembea anapoteza kile hasa alichokijia. Ni kama nyumba yenye harusi na nyumba yenye mgonjwa katika mtaa mmoja: ngoma inaingia kwa mgonjwa, ukimya wa mgonjwa hauingii kwenye ngoma. Ndiyo maana kusema "ardhi inatosha, kila mtu afanye lake" hakutatui kitu. Hata mji wa Moab, unaoishi kwa fedha za wageni hao, ulilazimika kutunga sheria ndogo ya kelele mwaka 2021, wakazi wake walipochoshwa na vigari vya kukodi vikipita madirishani kutwa nzima.

Lakini na watembea kwa miguu wasijipake mafuta. Wanaoshuka Mto Green kwa mitumbwi, katika lile korongo liitwalo Labyrinth, wakasifu ukimya wake, humalizia safari yao Mineral Bottom, wakapandisha mitumbwi juu ya magari na kuukwea ukuta wa korongo kwa barabara iliyotengenezwa zama za urani. Ukimya wao umeletwa na tingatinga. Mpaka wauanzapo mguu wa kwanza wamekwisha kuchoma petroli ya kilometa mia kadhaa. Tofauti ya mtu wa miguu na mtu wa injini ni tofauti ya mahali pa kuzimia injini, basi. Hilo halifuti hoja ya kelele, ila linaondoa ule utakatifu ambao baadhi yao huuvaa wanapokuja mikutanoni.

Sasa nimfikie mtu huyo. Ni jirani yangu, Mmarekani, mwenye umri wa miaka 78. Kwa Kiingereza namwita kwa jina lake la kwanza, kama desturi yao ilivyo, na mpaka leo ulimi wangu hukwaruzika. Hapa nitamwita Mzee, kama anavyostahili. Ujanani alifanya kazi katika machimbo ya urani, na mapafu yake yamebaki huko. Magoti pia. Ana kigari cha wazi cha zamani ambacho nimekifungua na kukifunga mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Kila vuli kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa akienda kwenye ukingo mmoja wa mwamba juu ya Mto Green, kwanza na mkewe na watoto, baadaye na mkewe, na sasa peke yake. Hawindi. Huketi, hula mkate aliofungasha, hurudi.

Septemba 2023 BLM ilitoa mpango wa njia wa eneo la Labyrinth na Gemini Bridges. Zaidi ya kilometa 500 za njia zilifungwa kwa magari. Takriban kilometa 1,300 zilibaki wazi. Mpango huo ulitokana na mapatano ya mahakamani ya mwaka 2017, baada ya watetezi wa nyika kushtaki wakidai kwamba ramani ya kwanza, ya 2008, haikupima madhara kama sheria inavyotaka. Nao wenye magari wakaupeleka mahakamani mpango mpya, na ubishi haujaisha. Nilimsaidia Mzee kuitazama ramani. Njia yake ya kwenye ukingo ilikuwa miongoni mwa zilizofungwa.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kutoka pale watakapoweka mawe mpaka ukingoni ni umbali gani?" Nikapima. Nikamwambia ni kilometa tano na kidogo. Akakaa kimya, kisha akasema kama mtu anayejifanyia hesabu, "Miaka ishirini iliyopita ningekwenda."

Nikamweleza ile hoja yangu, kwamba kosa la kufunga hurudishwa, na kama walikosea watafungua. Akanitazama bila hasira. "Lini?" aliuliza.

Basi. Neno hilo moja lilinionyesha kwamba nilikuwa nimehesabu upande mmoja. Kwa mwamba, miaka kumi ya kusubiri mahakama si kitu. Kwa Mzee ni kila kitu alichobakiwa nacho. Makosa yote mawili hayarudi: la kuvunja ngozi ya udongo halirudi kwa sababu udongo unaishi muda mrefu mno, na la kumfungia Mzee halirudi kwa sababu yeye anaishi muda mfupi. Anayesema kwamba kufunga ni hatua ya tahadhari isiyo na hasara huwa, bila kujijua, anasema kwamba umri wa kila mtu ni thelathini na tano.

Msomaji atasema, zimebaki kilometa 1,300, aende kwingine. Nililisema na mimi, moyoni. Ila mtu hafanyi ziara kwa kilometa. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba kaburi la babake limechukuliwa na shamba la serikali lakini wilaya ina makaburi mengine mengi, atakuona umepungukiwa. Hapa ndipo ninapoitetea ile kumbukumbu ya kupita. Haimpi mtu hukumu, nimekwisha kusema, lakini anayeifuta lazima ajue kwamba amechukua kitu.

Wako wanaolitumia jambo hili vibaya, nao hawana budi kutajwa. Katika mikutano ya hadhara nimewasikia vijana wenye vifua vipana, wanaomiliki mashine za bei ya nyumba ndogo, wakisimama kwa miguu yao miwili kuwatetea wazee na walemavu. Siku za kawaida sijawaona wakimpakia mzee yeyote. Sheria ya Marekani imelifikiri suala hilo kidogo: katika maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa kwa sheria ya mwaka 1964, ambako chombo chochote chenye injini ni marufuku, sheria ya walemavu ya mwaka 1990 inaruhusu kiti cha magurudumu, hata cha mota, maadamu ni kile ambacho mtu angekitumia pia ndani ya nyumba. Ni ruhusa ya haki, ila kiti cha namna hiyo hakivuki mawe na mchanga wa kilometa tano. Na mnafiki akisema kweli, kweli hiyo inabaki kuwa kweli. Kasoro ya mchukuzi haiozeshi mzigo.

Kuna kundi jingine ambalo pande zote mbili huliita linapofaa. Mji ninaokaa ulianzishwa mwaka 1881, mwaka ule ule Waute walipoondolewa kwa nguvu za jeshi magharibi ya Colorado. Ardhi ilikuwa "ya umma" kuanzia siku iliyofuata. Mtanzania hawezi kulisoma hili bila kukumbuka Wamasai waliotolewa Serengeti mwaka 1959. Mwaka 2014, katika korongo la Recapture, kusini mwa Utah, waandamanaji wakiongozwa na kiongozi wa kaunti walipitisha magari yao kwenye njia iliyofungwa tangu 2007 ili kulinda magofu ya watu wa kale. Kiongozi yule alifungwa siku kumi, na mwaka 2020 Rais Trump akamsamehe. Walisema wanadai haki ya wenyeji. Wajukuu wa waliojenga nyumba zile za mawe wapo, wana vijiji, wana mabaraza, na kama neno "mwenyeji" lina maana yoyote hao ndio wangeulizwa kwanza.

Baada ya yote haya msimamo wangu ni upi? Bado nashikilia kwamba njia isiyotajwa ihesabiwe imefungwa, na mwenye injini ndiye athibitishe. Mfuko wangu haupendi, na mfuko haukuulizwa. Kuhusu ukingo wa Mzee hasa, nimeufikiria sana, na naona waliofunga walikuwa na sababu: njia ile inafika juu ya mto kabisa, na sauti ya injini moja ukingoni husikika chini majini kwa mwendo mrefu. Ningekuwa mimi mwenye kalamu, huenda ningefunga.

Lakini nisingefunga kwa namna ile. Fomu za maoni zilikuwapo, tarehe ya mwisho ilikuwapo, kwenye kompyuta. Mzee hana kompyuta. Wanasheria wanajua kuwatafuta wazee nyumba kwa nyumba wanapotaka ushahidi wa mwaka 1966, na mimi nashangaa kwa nini idara inayofunga isijue kuwatafuta hao hao kabla ya kuweka mawe, iwaulize unakwenda wapi, mara ngapi, na kwa nini. Tena naona ingewezekana njia chache za namna hiyo zifunguliwe siku kumi tu za mwaka, katika vuli, wakati mitumbwi imepungua mtoni, kwa watu wenye vibali, gari moja moja, kwa mwendo wa taratibu. Kibali hicho kitolewe kwa umri na kwa miguu ya mtu, kisiuzwe.

Nilimweleza wazo hilo ofisa mmoja aliyeleta jenereta yake kutengenezwa. Alilisikiliza mpaka mwisho. Akasema si wazo baya, ila yeye na wenzake wawili ndio wenye zamu katika eneo ambalo gari haliwezi kulizunguka kwa siku moja, na mawe yakiondolewa kwa siku kumi, watakaopita hawatakuwa wenye vibali peke yao. "Nani atasimama pale?" aliuliza. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwandikia bei ya jenereta.